Nyaboke Hajachora Hata Kuku

Chebet na Sharon,

Daftari hili sasa ni lenu. Madam Chelangat, mlezi wa Klabu ya Maktaba, atawaambia kwamba nimeondoka ili nisomee mtihani. Ni kweli niko kidato cha nne na mtihani uko karibu. Lakini wenzangu wa kidato cha nne bado wako kwenye klabu zao. Wale wa drama bado wanapiga ngoma nyuma ya jikoni kila Ijumaa na hakuna anayewauliza kuhusu mtihani. Ni mimi peke yangu niliyestaafishwa, na nimestaafishwa kwa sababu ya karatasi moja. Nitafika huko. Kwanza niwaeleze kazi, maana kazi yenyewe ni nzuri na sitaki muiogope kwa sababu yangu.

Tunahoji watu wanaotengeneza vitabu vya watoto, waandishi na wachoraji. Wengi hufikiri watu hao wanapatikana Nairobi tu, kama vile huku kwetu mtu akishachuma chai hana tena mkono wa kufanya kitu kingine. Wako hapa. Tunawauliza walivyofanya kazi yao, tunaandika mahojiano kwenye karatasi kubwa ya manila, tunabandika kwenye ubao wa kioo kando ya mlango wa maktaba. Watoto wa shule ya msingi ya jirani hupita hapo Jumatano wakija kusoma, na hao ndio wasomaji wetu. Walimu husimama hapo pia, lakini wao wanatafuta ratiba.

Nilianza nikiwa kidato cha pili. Aliyenichagua ni Chepkoech, mhoji aliyekuwa kabla yangu, msichana mrefu aliyekuwa akitembea kama mtu anayechelewa basi. Alinijia mezani kwangu maktaba.

"Wewe ndiye yule haongei?"

Nikatikisa kichwa.

"Unaona? Hata hilo hujajibu. Basi ni wewe."

Nilidhani ananicheka. Nimezoea kuchekwa kwa hilo, tangu nasari. Kumbe alikuwa anamaanisha. Aliniambia wanaoongea sana wakienda kuhoji hurudi na maneno yao wenyewe, na daftari linajaa "mimi nilimwambia, mimi nilimweleza". Usiku ule niliandika kwenye shajara yangu: *Leo nimepewa kazi kwa sababu ya ugonjwa wangu.* Nilikuwa napenda kuandika vitu kama hivyo wakati ule.

Mahojiano ya kwanza yalikuwa Kedowa, kwa Mzee Langat, mwalimu mstaafu aliyeandika vitabu vitatu vidogo kuhusu kondoo anayekataa kunyolewa. Chepkoech, ambaye kwao ni hukohuko, alinifikisha langoni akasema anaenda kumsalimia mamake. Aliniacha. Mpaka leo naamini alipanga.

"Chamgei," mzee akanisalimia.

"Chamgei mising." Hapo Kikipsigis changu kiliisha, kwa sababu sisi nyumbani ni Wakisii wa kuja, wa laini za chai, zile nyumba za wafanyakazi wa mashamba.

"Haya, umekuja kuniuliza nini?"

Nilikuwa na maswali tisa kwenye karatasi. Yote yaliruka kama kuku waliotupiwa jiwe. Nikafungua kitabu chake, ukurasa wa nne, nikaweka kidole juu ya kondoo. Sikusema neno.

"Ah, huyo," mzee akasema, na akaongea mpaka chai ikapoa.

Aliniambia kila sentensi aliyoandika alimsomea ng'ombe wake kwanza wakati wa kukamua. Ng'ombe akipiga mguu, sentensi ni ndefu. Akisimama kimya, inamtosha mtoto. Nilimwangalia kuona kama anatania. Hakuwa anatania, na kama mnataka kujua, vitabu vyake havina sentensi hata moja ya kumchosha mtu.

Chepkoech aliponirudia aliniuliza, "Umeuliza maswali mangapi?"

"Hakuna."

"Safi kabisa."

Tangu siku hiyo ndivyo ninavyofanya. Fungueni kitabu, wekeni kidole palipowagusa, mnyamaze. Msiulize "ulipata wapi wazo", kwa sababu kila mtu ana jibu la hilo tayari na ni la uongo. Tumieni penseli, si kalamu. Julai kalamu hugoma kwa baridi hii yetu na karatasi huwa na unyevu kama nguo iliyoanuliwa mapema. Msibebe kifutio, kitawafanya mfute kitu mtakachokihitaji kesho. Chai mtapewa kila mahali, kunyweni, lakini kikombe kishikwe kwa mkono wa kushoto, wa kulia una kazi.

Na jambo kubwa kuliko yote ni kurudisha. Kabla karatasi haijapanda ubaoni, mnarudi kwa mwenye maneno mnamsomea kwa sauti, yote. Mimi nilitaka kufa Chepkoech aliponilazimisha. Kuhoji ni kusikiliza, lakini kusomea mtu maneno yake mwenyewe, mbele ya uso wake! Nilimsomea Mzee Langat nikiangalia ukuta. Nilikuwa nimeandika kwamba alipokuwa mdogo aliwachukia kondoo. Akanisimamisha. "Sikuwachukia, mama. Niliwaogopa. Mtu anayechukia hawezi kuandika vitabu vitatu." Kama nisingerudisha, watoto wote wa Jumatano wangesoma uongo wangu.

Halafu kulikuwa na Bosco wa Chepilat. Shangazi yangu anauza viazi huko sokoni, nilienda likizoni kumsaidia, nikamkuta Bosco juu ya ngazi akichora fahali kwenye ukuta wa buchari. Ni yeye aliyechora kile kitabu cha mbuzi na mwavuli ambacho kimeshachanika jalada kwenye rafu yetu. Nilikuwa nimekiazima kwa likizo, nikasimama nacho chini ya ngazi mpaka akaniona.

"Wewe mtoto, hiyo rangi itakudondokea."

Nikainua ukurasa wa mbuzi, nikaweka kidole.

Alishuka. Alikaa juu ya ndoo ya rangi akanieleza kitu ambacho kimekaa kichwani mwangu tangu siku hiyo. Alisema, "Mwandishi akiandika 'nyumba', kazi yake imeisha. Ni mimi nitakayeamua ina milango mingapi, nani amefagia na nani hajafagia, kama kuna mtu mgonjwa ndani. Yeye ameandika neno moja. Mimi nimejenga." Kisha akasema, "Lakini angalia jalada, jina langu uliliona upesi?" Nikaangalia. Lilikuwa nyuma, chini, dogo kama maandishi ya kwenye kiberiti. "Angalau lipo," akasema, akapanda ngazi.

Nilikasirika kidogo siku hiyo. Sikujua kwamba bado sijakasirika.

Mwaka jana, muhula wa tatu, kulifika kitabu maktabani kinachoitwa *Kikapu Kizito*. Ni hadithi ya msichana anayempelekea mamake chakula kwenye shamba la chai na kuamua kumbebea kikapu. Mwandishi ni Mwalimu Onsongo, anayefundisha shule ya msingi kule karibu na laini zetu, mzee wa kanisa letu, mtu wa tai kila siku. Nilikisoma nimesimama, hata sikukaa. Ukurasa wa saba una mikono ya mama huyo tu, inachuma. Kidole gumba na cha kwanza ni vyeusi pembeni, ule weusi wa utomvu wa chai usiotoka hata kwa ndimu. Kucha imepasuka upande. Aproni ya nailoni imefungwa kiunoni kwa kipande cha mpira wa baiskeli, kama ya mamangu. Vitabu vingine vyote nilivyoona vya wachumaji, mikono ni misafi kama ya daktari na wanachuma majani makubwa ya chini ambayo msimamizi angekufukuza kwayo saa ileile.

Nikajua aliyechora amesimama kwenye michai yenye umande. Nikatafuta jina lake. Jalada: Onsongo. Ndani: Onsongo. Hakuna mchoraji, kana kwamba picha ziliota zenyewe.

Nilienda kumhoji Mwalimu Onsongo shuleni kwake. Alinipokea vizuri, sitadanganya. Aliniita "binti yangu", akaagiza chai. Aliongea juu ya maadili, juu ya bidii, juu ya watoto wa siku hizi na simu. Nilipofungua ukurasa wa saba na kuweka kidole, aliangalia haraka kama mtu anayeangalia saa.

"Hizo ni picha tu, Kwamboka. Kitabu ni maneno."

Nikaendelea kuweka kidole.

"Kuna mama mmoja alinisaidia kuchora," akasema. "Na nimemshukuru. Fungua mwisho."

Nikafungua mwisho. Ilikuwa imeandikwa: *Shukrani kwa Mungu, kwa mke wangu mpendwa, na kwa Mama Nyaboke.*

"Mama Nyaboke wa laini ya tatu?" nikauliza. Sauti yangu ilitoka kama ya panya.

"Huyohuyo. Si mnanunua mboga kwake?"

Mama Nyaboke! Ni yeye anayeniuzia sukumawiki karibu kila siku, anazikata nikisubiri, na hata siku moja hajaniambia kwamba picha zake ziko kwenye kitabu. Alichuma chai na mamangu bega kwa bega mpaka mashine zilipokuja na wengi wakarudishwa nyumbani. Nilipofika nyumbani nilimuuliza mama.

"Kwani hukujua?" mama akasema, anachambua maharagwe. "Ile simba ya ukuta wa nasari ni nani alichora, malaika?"

Nilimhoji Mama Nyaboke Jumapili alasiri, baada ya kanisa, kwake. Alikataa kwanza. Alisema yeye hana mahojiano, ana mboga. Nikafungua ukurasa wa saba nikaweka kidole, na nikangoja sana. Alikata sukuma nzima. Kisha akainama chini ya kitanda akatoa kalenda za duka la dawa za mifugo, za miaka iliyopita, akazigeuza. Nyuma ya kila mwezi kulikuwa na picha. Kurasa zote za kitabu zilikuwa pale, kwa penseli, zimechorwa mara tatu, mara nne kila moja.

"Huu weusi wa kidole ulitumia rangi gani?" Hilo ndilo swali pekee nililopanga kuuliza kwa mdomo.

"Chai," akasema. "Unachukua jani bichi, unalisugua kwenye karatasi, unaliacha. Linakuwa jeusi lenyewe. Nilijaribu penseli ikakataa. Ile rangi ya mkono wangu, nitaipata wapi dukani?"

Akanionyesha jambo lingine, na hili shikeni vizuri. Mwalimu Onsongo alimletea hadithi ambayo mwishoni msichana anaangusha kikapu, majani yanamwagika, analia na kuomba msamaha, na tunafunzwa utii. Mama Nyaboke aliisoma akaona haiwezekani. Alisema hajawahi kuona mtoto wa laini akilia kwa ajili ya kikapu, maana mamake mwenyewe angecheka kwanza. Kwa hiyo alichora msichana amekalia kikapu kilichopinduka, mamake ameshika mbavu kwa kicheko, majani yako mpaka kwenye nywele. Mwalimu alipoiona picha akaenda kubadilisha maneno. Ule mwisho ambao kila mtu anausifu, ambao watoto wa Jumatano huomba usomwe tena, uliandikwa kwanza kwa penseli nyuma ya mwezi wa Aprili.

"Na yeye alisema nini?" nikauliza. Hapo nilivunja sheria yangu.

"Alisema, 'Hii pia ni sawa.'"

Niliandika mahojiano hayo siku mbili. Sijawahi kuandika kitu kwa hasira namna ile, penseli ilikuwa inavunjika. Kichwa cha habari niliandika kwa herufi kubwa: MAMA NYABOKE, MCHORAJI WA KIKAPU KIZITO. Nilijiona shujaa. Nikaenda kurudisha.

Nilimsomea. Alisikiliza ameweka mkono mdomoni. Nilipomaliza akasema, "Umeandika mchoraji ni Mama Nyaboke?"

"Ndiyo, mama."

"Nyaboke yuko darasa la tano. Yuko pale nje, mwite. Nyaboke hajachora hata kuku."

Nikacheka, nikidhani ni mzaha. Yeye hakucheka.

"Kule kitabuni Mwalimu ameandika Mama Nyaboke. Hapa wewe umeandika Mama Nyaboke. Mtoto wangu anasifiwa kila mahali, na hata penseli yake yeye huitafuna."

Sikuwa na pa kuweka uso. Chebet, Sharon, nimenunua mboga kwa huyo mama tangu nikiwa na meno ya utoto na sikujua jina lake. Tumefundishwa kwamba kumwita mtu mzima jina lake ni kukosa adabu, mama wa fulani, baba wa fulani, na ni kweli, mimi siwezi kusimama mbele ya kibanda chake nikamwita jina kama mwanafunzi mwenzangu. Lakini kitabu si kibanda cha mboga. Mwalimu Onsongo ana mtoto anayeitwa Brian. Mbona kitabu hakikuandikwa na Baba Brian?

Nikamuuliza jina. Akasema tangu aache kazi ya chai hakuna anayeliandika, hata kanisani michango yake huandikwa kwa jina la mzee wake. Kisha akalitaja lote, Pauline Kerubo Ombati. Nilikata kichwa cha habari chote nikabandika kingine mahali pake.

Sasa Siku ya Kusoma. Mwaka huu mgeni wa heshima alikuwa Mwalimu Onsongo, na watoto wa shule ya msingi walialikwa. Mahojiano mawili yalitakiwa yawe ubaoni, yake na ya Kerubo. Nilimwalika Kerubo mwenyewe. Nilimwambia jina lake litakuwa pale, kubwa. Nilimwambia hivyo kwa mdomo wangu.

Asubuhi ile Madam Chelangat aliniita maktabani. Karatasi ya Kerubo ilikuwa mezani, imekunjwa.

"Kwamboka, hii ni kazi nzuri sana," akasema. "Lakini si leo. Mgeni ataona kama tunamshtaki. Ati mwisho wa hadithi si wake! Tutaibandika wiki ijayo."

"Madam, amealikwa."

"Nani?"

"Mchoraji."

"Basi tuongeze mstari kwenye karatasi ya Mwalimu. 'Alisaidiwa na Mama Nyaboke.' Inatosha, sivyo?"

Na mimi, badala ya kusema haitoshi, nikasema, "Sawa, Madam." Niliuandika mstari huo kwa mkono wangu. Ninayoyaandika hapa yote ni ya hasira, lakini hasira kubwa kuliko zote ni hiyo, ya "Sawa, Madam". Ukimya wangu ambao Chepkoech aliusifu, siku hiyo haukuwa wa kusikiliza. Ulikuwa uoga tu.

Kerubo alikuja na kitenge cha kanisani na viatu vilivyopakwa rangi. Alisimama mbele ya ubao. Anasoma polepole, kwa kidole juu ya kioo, mstari kwa mstari. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Nilikiona kidole kikifika chini, kikasimama, kikarudi juu kuanza tena, kama mtu anayetafuta funguo mahali ambapo ameshatafuta. Mara ya pili hakurudi juu. Akaingia ukumbini akakaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na ndoo za maji.

Mwalimu Onsongo aliongea. Watoto walipiga makofi. Akasoma ule mwisho, msichana juu ya kikapu, mama ameshika mbavu, na watoto wakacheka kama kawaida na kupiga kelele "tena! tena!" Kisha Madam akauliza kama kuna maswali.

Niliinua mkono. Sijui mkono huo ulitoka wapi. Wasichana wa darasa langu waligeuka wote kwa pamoja, na mmoja akasema "Aki Kwamboka?" kama aliyeona kiti kikiongea.

Nikasema, "Mwalimu, mchoraji wa kitabu chako yuko hapa. Anaitwa Pauline Kerubo Ombati. Naomba asimame watoto wamwone."

Mwalimu Onsongo akakunja uso. Akamwangalia Madam, akaniangalia mimi.

"Nani huyo?" akauliza.

Hakuwa anajifanya, naapa. Nilimwona usoni. Wamekaa kanisa moja miaka yote hiyo, amekunywa uji nyumbani kwake, amebeba picha zake mpaka kwa mchapishaji, na hajui jina lake. Ukumbi wote uligeukia mlango ukingoja mgeni kutoka mbali.

Kerubo akasimama kando ya ndoo.

"Ni mimi, Mwalimu."

"Lakini wewe ni Mama Nyaboke!"

"Mama Nyaboke ni wa nyumbani," akasema, si kwa sauti kubwa. "Kitabuni mimi ni Kerubo."

Mtoto mmoja wa mbele, wa meno mawili, akapaza sauti: "Ni wewe ulichora vidole vichafu?" Akajibu, "Si vichafu. Ni vya kazi," na watoto wakamgeukia wote na viti vyao, miguu ya viti ikipiga kelele kwenye sementi, mpaka Mwalimu Onsongo akabaki anaangalia migongo. Waliuliza kila kitu. Kama kikapu kilikuwa kizito kweli. Kama mama wa hadithi ni yeye. Aliwajibu amesimama palepale, na hakuna aliyemletea kiti cha mbele, hata mimi.

Kesho yake niliitwa ofisini. Madam Chelangat hakunigombeza. Aliongea kwa upole, na hilo lilinikasirisha zaidi. Alisema mgeni haaibishwi nyumbani kwako, kwamba ningemwendea pembeni, kwamba kuna njia ya kufanya mambo. Nikamwambia, "Madam, njia ilikuwa kwenye karatasi na wewe uliikunja." Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyosema nikiwa mwanachama. Akasema labda ni vizuri sasa nijali mtihani.

Mwalimu Onsongo aliniambia kanisani kwamba kitabu kikichapwa tena "ataona". Ataona! Macho amekuwa nayo wakati wote. Mchapishaji nimemwandikia barua mbili, nimebandika stempu mwenyewe, na hakuna jibu. Nakala zilizo kwenye rafu yetu bado hazina mchoraji. Watu wazima watatu wameniambia ni jambo dogo, kwamba huyo mama mwenyewe hajalalamika, kwamba hata hivyo ameshukuriwa. Wote watatu majina yao yako kwenye milango ya ofisi zao.

Karatasi ya Kerubo niliikunjua, nikaipiga pasi kwa mkaa nyumbani, nikaibandika ubaoni Jumatano iliyofuata bila ruhusa. Madam amepita mbele yake mara nyingi. Hajaitoa. Sijui kama ni aibu au ni kwamba ameisoma, na simdai anieleze. Pembe moja imeanza kuchomoka kwa unyevu, itafutieni pini.

Barua ya tatu kwa mchapishaji iandikeni nyinyi, kwa niaba ya klabu, mpige muhuri wa maktaba. Ya nne pia, kama hawatajibu, na ya tano. Wakiwauliza mchoraji ni nani, msiseme ni mama mmoja wa laini ya tatu, msiseme alisaidia, na hata kama adabu itawakaba koo msiandike jina la mtoto. Anaitwa Pauline Kerubo Ombati.